Maji yakitoa bendi, hesabu imeharibika

SWALI: Nimekamata mbu 24 aina ya Culex vyooni na vyumbani hapa Tanga, nikatoa DNA ya kila mmoja na kupima Wolbachia, bakteria wanaoishi ndani ya wadudu, kwa PCR (njia ya kuzidisha kipande cha DNA mpaka kionekane), nikitumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kulenga) za wsp, jeni ya Wolbachia. Mbu 9 wametoa bendi, yaani mstari wa DNA kwenye jeli. Tiubu ya maji matupu nayo imetoa bendi, ila imefifia sana. Mwenzangu maabara ananishauri niikate kwenye picha, niandike maambukizi 37.5%. Ni sawa? (Mwanafunzi wa uzamili)

JIBU: Si sawa, na huyo mwenzako usimwazime pipeti.

Swali hili hunijia kila msimu wa tasnifu, na halikosi neno hilo: “imefifia”. Maji hayana mbu. Kama bendi imekaa pale juu kidogo ya mstari wa 600 (urefu wa DNA kwa jozi za besi), sambamba na zile za mbu wako, basi DNA ya Wolbachia imeingia mahali isipotakiwa, na mchanganyiko uliotia kwenye maji ndio huohuo uliowagawia mbu wote. PCR ikienda vizuri, nakala moja hupita bilioni baada ya mizunguko 30. Uhafifu wa bendi unakuambia uchafu ulianza kidogo, basi. Katika zile 9, ipi ni ya mbu na ipi ni ya uchafu? Hujui, wala mimi sijui.

Mara nyingi mchawi ni kazi yako ya jana. Umefungua tiubu zilizokwisha kuzidishwa, ukapakia jeli, halafu pipeti ileile ikarudi kuandaa PCR ya leo. Mwaga maji, praima na bafa ulizokuwa ukitumia, hata kama zimebaki nyingi (najua bei yake, nami inaniuma). Futa meza na pipeti kwa jiki iliyozimuliwa, iache dakika 10, kisha ifute kwa maji safi maana inakula chuma. Andaa PCR chumba kingine, kwa tipu zenye kichujio. Rudia mbu wote 24 pamoja na tiubu kadhaa za maji, na ile tiubu tupu uliyopitisha hatua zote za kutoa DNA bila mbu. Kama hukuwa nayo, au ikitoa bendi, rudi kwenye mabaki ya mbu utoe DNA upya.

Na wale 15 wasio na bendi? Hukuwataja, wala sishangai. Wapime kwa jeni ya mbu mwenyewe, COI, inayotoa kipande cha takriban jozi 700. Asiyetoa hata hiyo, DNA yake haikutoka vizuri, kwa hiyo mwondoe kwenye hesabu. Huna ruhusa ya kumwita “hana Wolbachia”.

Kinachonikera zaidi ni imani kwamba bendi safi ndiyo maambukizi yenyewe. Bendi ni kipande cha DNA tu. Haisemi kilikuwa kinaishi wapi. Culex wa pwani yetu ndiye msambazaji wa matende, na minyoo ya matende ina Wolbachia wake yenyewe, kwa hiyo bendi inaweza kuwa ya mnyoo aliyemo ndani ya mbu. Mbung'o aina ya Glossina morsitans wana vipande vya jeni za Wolbachia vilivyojichomeka kwenye kromosomu zao, kwa hiyo bendi inaweza kutoka hata pasipo bakteria hai. Kwa Anopheles gambiae, mbu wa malaria, tangu ripoti ya kwanza ya Wolbachia ya mwaka 2014 kutoka Burkina Faso, wataalamu bado wanabishana kama ishara zile dhaifu ni maambukizi kweli. Ndiyo maana bendi kadhaa hupelekwa kusomwa mfuatano wa herufi za DNA yake, na anayetaka kusema “anaishi ndani ya mbu” huwatafuta bakteria kwenye ovari kwa hadubini.

Picha ya jeli iweke nzima kwenye tasnifu, vishimo vyote, maji yakiwemo. Msahihishaji akiona ukingo umekatwa, swali lake la kwanza litakuwa kilichokuwa upande wa pili.