Maswali Yenu: Shajara ya Lady Anne Clifford

Swali: Anne Clifford alikuwa malkia wa ngapi wa Uingereza?

Jibu: Hakuwa malkia. Nimekwisha kulijibu swali hili, nalo hurudi kila atajwapo mwanamke mwenye kasri. Alikuwa binti wa George Clifford, Earl (cheo cha ukabaila) wa Cumberland, naye alizaliwa katika kasri la Skipton, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1590.

Swali: Nimesoma shajara yake ya 1616 hadi 1619, nikaona ni kilio cha mke aliyeonewa. Nimekosea?

Jibu: Kilio kimo, ila umeacha kesi. Babake alipofariki mwaka 1605 alimrithisha nduguye Francis ardhi na makasri, binti akaachiwa pauni 15,000, ilhali hati ya tangu enzi ya Mfalme Edward wa Pili ilitaka ardhi hiyo imfuate mrithi wa damu, awe wa kiume au wa kike. Mumewe, Richard Sackville, alitaka fedha; Anne alitaka ardhi. Mei 1616 ikamjia barua ya mumewe kwamba binti yao Margaret, ambaye hajatimiza miaka miwili, apelekwe London kesho yake. Anne anaandika kwamba aliona kukataa kungemzidishia mumewe hasira na kumponza mtoto, akamwachilia, kisha akalia kwa uchungu. Wengi hunukuu machozi hayo na kufunga kitabu, wasifike Januari 1617, alipomwomba radhi Mfalme James ana kwa ana na kumwambia kwamba hataiachia Westmorland, sehemu ya ardhi hiyo ya urithi, maadamu yu hai. Tazameni anavyoandika nani alikuja, siku gani, na barua gani mkononi: huo ni ushahidi unaowekwa akiba.

Swali: Mbona kwingine Januari hiyo imeandikwa 1616?

Jibu: Mwaka wa Kiingereza wakati ule ulianza tarehe 25 Machi. Wanafunzi, msinakili tarehe kwa pupa.

Swali: Mswada wa mkono wake uko wapi?

Jibu: Wa miaka hiyo tunao katika nakala za watu wa baadaye tu, kwa hiyo msijenge hoja juu ya mkato mmoja.

Swali: Je, alishinda?

Jibu: Mahakamani, hapana, uamuzi wa mfalme wa 1617 ulimpendelea amu yake. Ardhi ilimrudia mwaka 1643, binamu yake Henry, mwana wa Francis, alipofariki bila mrithi wa kiume. Hata Machi 1676, mwezi aliofia, bado alikuwa akiandikisha kwamba miaka 60 kamili imepita tangu yeye na mamake, wakiwa katika kasri la Brougham, walipotoa jibu la maandishi kukataa uamuzi wa majaji, uliotangulia ule wa mfalme.