Jibu: Kuendesha programu saidizi ya kuandika msimbo kwa modeli nyingine ya lugha

Umeuliza kama programu kama Claude Code, msaidizi wa kuandika msimbo wa kampuni ya Anthropic, inaweza kufanya kazi kwa modeli isiyo ya kampuni iliyoitengeneza, na kama kuna faida kufanya hivyo. Inawezekana, na kwangu mimi ni desturi ya muda sasa, ila ugumu wake hauko pale ambapo wengi huutafuta.

Kubadilisha modeli kwenyewe ni kazi ndogo. Claude Code husoma anwani ya seva katika kigeu cha mazingira (thamani unayoiweka kwenye mfumo ili programu iisome) ANTHROPIC_BASE_URL, ufunguo katika ANTHROPIC_AUTH_TOKEN na jina la modeli katika ANTHROPIC_MODEL, na baadhi ya watoaji wa modeli, wakiwamo DeepSeek na Moonshot, wana anwani zinazopokea maombi ya muundo huohuo. Aider na Cline, programu nyingine za aina hii, ni rahisi zaidi, kwa kuwa zinakubali modeli za watoaji wengi, pamoja na zile unazoziendesha kwenye kompyuta yako kwa Ollama, programu ya kuendeshea modeli. Mtoaji wako akiwa anaelewa muundo wa OpenAI pekee, weka LiteLLM, programu ya upatanishi, katikati ibadilishe maombi.

Kinachowashinda watu ni dirisha la muktadha, yaani kiasi cha maandishi ambacho modeli inaweza kukizingatia kwa mara moja. Programu hizi, kabla hujaandika neno lolote, hutuma maelekezo marefu pamoja na maelezo ya kila zana (kazi ambayo modeli inaweza kuiomba programu, kama kusoma faili), na hayo peke yake hula maelfu ya tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli huhesabu. Kwa muda mrefu Ollama ilikuwa ikianza na dirisha la tokeni 2048, baadaye 4096. Kinachozidi hukatwa bila onyo, na modeli huanza kujibu kama mtu aliyeingia kikaoni katikati ya mjadala. Ukiona imesahau faili iliyoisoma punde tu, usiilaumu modeli kabla ya kuongeza OLLAMA_CONTEXT_LENGTH, kigeu kinachopanga ukubwa wa dirisha hilo. Mimi sianzi chini ya tokeni 32,000, nikijua kwamba kila ongezeko la dirisha linadai kumbukumbu zaidi ya kadi ya grafiki.

Jambo la pili ni kuita zana. Modeli inaweza kuandika msimbo mzuri sana unapoiuliza swali la kawaida, lakini ikashindwa kutoa ombi la zana katika umbo ambalo programu inalitarajia, na hapo utaona JSON (muundo wa data ambao maombi ya zana huandikwa) imemwagwa kwenye skrini kama maandishi matupu huku hakuna faili iliyoguswa. Nyingine huita zana vizuri lakini hunukuu vibaya mstari unaotakiwa kubadilishwa, pengine kwa nafasi moja tu, na badiliko likakataliwa. Katika Aider niliona nafuu kwa modeli ndogo nilipochagua namna ya kuandika faili nzima upya badala ya kutoa tofauti tu, ingawa kwa faili ndefu inachosha. Kwa hiyo modeli mpya huwa naijaribu kwenye tawi la pembeni la Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo: isome faili moja, ibadilishe kazi (function) moja ndani ya msimbo, iendeshe majaribio. Alama za mashindano ya modeli mimi huziangalia baada ya hapo, na si kwa makini sana.

Kuhusu mashine, Qwen3-Coder, modeli ya kuandika msimbo yenye vigezo (namba za ndani ambazo modeli hujifunza) bilioni 30, iliyotolewa mwaka 2025, hutumia takriban bilioni 3 tu kwa kila tokeni, hivyo huenda kwa kasi kuliko ukubwa wake unavyoashiria. Hata hivyo, ikibanwa hadi biti 4 kwa kila kigezo bado inachukua takriban gigabaiti 18 au 19 kabla ya kuhesabu dirisha. Mimi naipa majaribio, maelezo ya msimbo na marekebisho ya faili moja. Kazi inayovuka faili nyingi naipeleka kwa modeli kubwa ya kwenye seva, isipokuwa pale mwenye mradi amekataza msimbo wake kutoka nje ya mashine, maana kubadilisha anwani ya seva ni kubadilisha pia nani anausoma.