Siku Mbili za Alps Baada ya Mkutano

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa sangara hapa Mwanza, na Februari nitahudhuria mkutano mjini Zürich. Je, siku mbili zitakazobaki zinatosha kuiona milima ya Alps kwa treni?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Zinatosha, mradi usitamani kuona kila kitu. Panda treni ya asubuhi hadi Chur, mwendo wa saa moja na robo hivi, kisha ushike reli ya Albula na ukae upande wa kulia, ili ulione daraja la Landwasser, lenye kimo cha mita 65, likipinda na kuingia moja kwa moja katika tundu la jabali. Lala Pontresina. Kesho yake panda reli ya Bernina, inayofika mita 2,253, karibu mara mbili ya mwinuko wa ziwa letu, ushuke Alp Grüm kutazama barafu ya Palü, kisha urudi. Treni ya watalii hudai nafasi iwekwe mapema, ilhali zile za kawaida, ambazo binafsi nazipenda zaidi, hupita reli hiyohiyo bila sharti hilo. Ukiendelea hadi Tirano, Italia, viza yako ya Schengen inatosha. Koti zito ununue kabla ya kuondoka. Mitumba ya Mlango Mmoja haitakuangusha.