Uso mpya juu ya saa kuukuu

Mhariri, swali lenu la juma hili lilikuwa: anayeanza kukusanya saa za mkono zisizotumia betri anunue ipi kwanza, na aikague vipi?

Kwa sisi wa Goma nasema Seiko 5 iliyotumika, saa ya Kijapani inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, yenye mashine ya 7S26. Mashine hiyo ilianza kutolewa 1996 na ikauzwa kwa wingi, hivyo hata saa iliyokufa ina kazi: fundi huichukulia vipuri. Ikishindikana kabisa, mashine mpya ya NH36, ya Seiko pia, hukaa palepale. Mhimili wa kitufe cha pembeni tu ndio hubadilishwa na kukatwa kwa kipimo. Za Uswisi za zamani zisubiri.

Ukipita Birere, mtaa wetu wa biashara, saa kuukuu yenye uso unaong'aa kama sahani ya harusi ndiyo ya kuogopa. Mara nyingi uso huo umepakwa rangi upya, herufi zimekuwa nene. Geuza mgongo: utaona namba inayoanza na 7S26. Sasa chukua kioo cha kukuzia, tazama ukingo wa chini wa uso, karibu na 6. Maandishi madogo sana ya hapo yaanze na 7S26 hiyohiyo. Yakitaja mashine nyingine, mbele yako kuna saa mbili zilizofanywa moja. Nunua ukipenda, ila si kwa bei ya saa nzima. Siku zikiandikwa Kiarabu usishtuke, gurudumu la siku lina lugha mbili na unachagua mwenyewe.

Kisha sikiliza. 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono, na mshale wa sekunde hausimami ukivuta kitufe. Huo si ubovu. Iyumbishe taratibu nusu dakika, itaamka. Ikigonga ndani kama kokoto mkebeni, huenda skrubu ya uzani unaozunguka imelegea, na pikipiki kwenye mawe yetu ya volkano haisaidii.

Omba uijaribu siku moja. Isawazishe na simu, uivae. Kutangulia sekunde 40 au kuchelewa 20 kwa siku ni kawaida yake. Ikitangulia dakika nzima nzima, shuku sumaku, ya spika au ya kifuniko cha simu: mizunguko ya kamani ile nyembamba kama unywele imenatana. Kifaa cha kuondoa sumaku huitibu. Bonyeza, vuta saa polepole hadi mkono unyooke, ndipo uachie. Ukiachia mapema unaweza kuizidishia. Iliyovaliwa kutwa ikalala kabla ya asubuhi, huenda mafuta yamekauka, na gharama ya kuifungua yote uitoe kwenye bei.

Tarehe usiiguse kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, maana meno ya gurudumu lake yameshikana na yanaweza kuvunjika. Saa iliyosimama haikuambii ni usiku au mchana, kwa hiyo teremsha mshale mfupi hadi 6 kwanza.

Vumbi jeusi la lava ni kama kioo kilichosagwa; kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kuikwaruza saa. Lipulize. Kuosha ni kwa saa ambayo mpira wake wa kuzuia maji ni mzima, na mpira huo hukakamaa kwa miaka hata mgongo ukiwa umeandikwa mita 200. Ubadilishwe kila mgongo unapofunguliwa. Kabla ya hapo, ukienda kuogelea Ziwa Kivu, saa ibaki na nguo zako.