Kiingereza ninacho, ila "messages" ilinishinda

Mdogo wangu, umeuliza kwenye kundi la familia: mtu aliyefaulu Kiingereza akifika Glasgow, huku Uskoti, si anateleza tu? Nakujibu bila kuficha. Mtihani wa viza niliufaulu vizuri, na wiki ya kwanza kazini nikaonekana sijui lugha.

Nahudumia wazee majumbani mwao. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaniambia: "Go for ma messages, hen." Neno la mwisho nikalisikia: kuku. Liliniuma, nikanyamaza. Nikachukua simu yake, nikatazama, nikamwambia hakuna ujumbe wowote. Akarudia. Nikaenda mlangoni kuangalia barua. Akapandisha sauti, akainua mfuko wa sokoni uliokuwa miguuni pake, ndani mna pochi na kikaratasi: mkate, maziwa, viazi. Kumbe ananituma dukani.

Habari ilifika ofisini. Msimamizi akaandika kwamba Kiingereza changu hakitoshi. Usiku ule nililia, sikudanganyi.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hapa kuna Kiskoti. Ni ndugu wa Kiingereza, wala si Kiingereza kilichoharibika. Kwenye sensa ya 2011 watu kama milioni 1.5 walisema wanakizungumza, na sheria ya 2025 imekipa hadhi rasmi Uskoti. "Hen" wanamwitia mwanamke kwa upendo, kama mzee wa kwetu anavyokuita "mwanangu". Na "messages" ni mahitaji ya nyumbani: mboga, sabuni, majani ya chai. Ukienda kununua kochi hutumii neno hilo.

Zamani lilikuwa jambo lolote ulilotumwa, na mzizi wake wa mbali ni neno la Kilatini lenye maana ya kutuma. Nilipolijua hilo moyo ulitulia. Mama si alikuwa anaita tu uani, "Njoo nikutume"? Duka hakulitaja. Ulikuwa unakwenda na chupa mkononi, unajua ni mafuta ya taa.

Bibi yule bado namhudumia. Siku hizi ananinyooshea mfuko kabla sijavua koti, na kikaratasi anakisoma kwa sauti, taratibu, ili nisikie kila kitu. Yale maandishi ya msimamizi hakuna aliyeniambia kwamba yamefutwa.