Fungua Kioo, Konda: majibu kwa abiria wa Tanga wakati wa mlipuko

Tangu corona ilipothibitishwa nchini Machi 2020, kila ukizuka mlipuko, yakiwemo macho mekundu ya mwanzoni mwa 2024, barua za abiria huja na mambo yaleyale: levo siti (wote wakae, asisimame mtu), vioo, nauli, dawa ya kupuliza. Toleo hili tumechagua za Tanga. Kabla hujauliza ufanye nini ndani ya gari, uliza ugonjwa wenyewe unapita wapi: hewani, mikononi, au kwenye chakula na maji. Ugonjwa wa hewani hauzuiwi kwa ndoo ya sabuni peke yake, na kipindupindu hakizuiwi kwa barakoa.

Masika yakianza konda hufunga vioo vyote, na abiria wenzangu wanamuunga mkono kwa kuwa wananyeshewa. Kama sote tumevaa barakoa, si inatosha?
*Muuza samaki, Deep Sea*

Haitoshi, mama. Corona, mafua na kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa akiongea, akikohoa au akicheka anatoa chembe ndogo zinazoelea, na gari likifungwa zinajazana kadiri safari inavyorefuka. Barakoa inazipunguza, ila anayezitoa nje ni upepo.

Si lazima vioo vyote viwe wazi. Gari likiwa mwendoni, fungueni kimoja cha mbele upande mmoja na kimoja cha nyuma upande wa pili, upana wa vidole vinne tu, ili hewa ikatize gari zima. Mvua ikipiga kutoka kushoto, tumieni vioo vya kulia, cha mbele na cha nyuma. Gari lenye kidirisha kwenye paa, nyanyueni ukingo wake wa nyuma: likiwa linakwenda, hewa hutoka na maji hayaingii kwa urahisi. Kosa la kawaida ni kufungua kioo cha dereva peke yake. Dereva anapata upepo, siti ya nyuma hawapati kitu.

Na mahali ambapo wengi hawapatilii maanani ni stendi. Gari likisimama kusubiri lijae halina upepo wa mwendo. Watu ishirini wanavuta hewa ileile robo saa au zaidi, huku mpiga debe kajiegemeza mlangoni anapaza sauti kuelekea ndani. Kupaza sauti kunatoa chembe nyingi kuliko kuongea kawaida. Basi subiri nje kivulini, kisha panda gari likikaribia kuondoka. Ukihofia kukosa siti, tupia leso dirishani kama ilivyo desturi yetu.

Barakoa ya kitambaa iwe na tabaka tatu na ifunike pua. Kwa joto la Tanga italowa jasho mapema, na iliyolowa inabana pumzi, ndiyo maana watu huishusha kidevuni. Beba mbili, na bahasha ya karatasi ya kuwekea iliyolowa.

Tukiambiwa levo siti, tajiri mwenye gari hapunguzi hesabu anayodai kila siku. Mnataka tule nini?
*Konda, njia ya Pongwe*

Swali la haki. Tuseme Coaster ina siti 28 nawe umezoea kubeba 40. Kwa nauli ya shilingi 600 unapoteza vichwa 12, yaani shilingi 7,200 kwa tripu. Kwa tripu nane ni 57,600. Hapo ndipo konda anaposhawishika kupakia wa kusimama akishawapita trafiki. Nenda kwa tajiri na hesabu hiyo imeandikwa, siku amri inapotangazwa, usingoje jioni umepungukiwa. Kinachowezekana kwa pande zote mbili ni kuacha kiwango kimoja cha hesabu na kugawana kwa asilimia ya mapato ya siku, baada ya kutoa mafuta.

Majirani zetu walibanwa zaidi. Kenya, Machi 2020, matatu ya siti 14 iliamriwa kubeba abiria 8, na gari la siti 25 abiria 15. Nauli zikapanda, na ujazo kamili haukurudi hadi Agosti 2021. Levo siti ni nyepesi kuliko hiyo, na faida yake ipo: anayesimama anapumulia juu ya vichwa vya waliokaa, anashika bomba lililoshikwa na kila mtu, na anaziba njia ya upepo katikati ya gari.

Kuna mawili yanayokuhusu wewe mwenyewe. Acha kulowesha vidole kwa mate unapohesabu noti. Kipande cha sponji chenye maji ndani ya kifuniko cha chupa kinafanya kazi hiyo hiyo. La pili ni kitakasa mikono: kiwe na kilevi cha asilimia 60 au zaidi, na chupa isikae karibu na injini. Kwenye Hiace injini iko chini ya siti za mbele, pana joto, na kilevi kinawaka. Chupa ndogo mfukoni inatosha. Noti na sarafu zikishapita mikononi mwako, usijiguse macho wala mdomo hadi umejipaka na mikono imekauka.

Konda anadai nauli imepanda "kwa sababu ya levo siti", kisha anatushusha Ngamiani badala ya kutufikisha mwisho wa njia. Tuhamie bodaboda?
*Msomaji, Mikanjuni*

Nauli ya daladala hupangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, haipangwi mlangoni mwa gari. Na kukatisha ruti ni kosa, kuwe na mlipuko au kusiwe. Andika namba ya gari, njia iliyoandikwa ubavuni, mahali mliposhushwa na saa, uipeleke ofisi ya LATRA au kwa trafiki aliye karibu. Malalamiko yasiyo na namba ya gari hayafiki mbali. Kama njia imebadilishwa kweli na mamlaka, ulizia stendi asubuhi gari la mwisho linaondoka saa ngapi, usiulize jioni giza likishaingia.

Bodaboda ina hewa nzuri, lakini usikimbie kikohozi ukaangukia ajali. Bajaji ni afadhali, mradi turubai za pembeni zikunjwe na asipakiwe mtu ubavuni mwa dereva. Ukilazimika kupanda boda, vaa kofia nyepesi au mtandio wako ndani ya helmeti, maana ile imepita vichwa vingi.

Nataka gari langu lisafishwe kila siku. Fundi mmoja ananishauri ninunue bomba la kupulizia dawa, abiria wapuliziwe wakipanda. Vipimo vyake ni vipi?
*Mmiliki wa Coaster, Majani Mapana*

Bomba acha. Shirika la Afya Duniani lilieleza Mei 2020 kwamba kumpulizia mtu klorini hakupendekezwi popote: inaunguza macho na kifua, na ugonjwa ulio ndani ya mwili wake haiufikii. Hata kwenye viti, kupuliza kunaacha sehemu kavu nyingi. Kinachosafisha ni kitambaa na mkono.

Anzeni na sabuni na maji. Klorini ikikuta vumbi, jasho na mafuta inaishia kwenye uchafu huo, na kidudu kinabaki. Baada ya kuosha na kufuta, tengenezeni dawa kwa maji baridi. Jik nyingi zina klorini asilimia 3.5, lakini soma chupa kwanza. Kwa kufuta kila siku changanya mililita 300 na lita 10 za maji, upate takriban asilimia 0.1. Palipotapikwa au penye damu, mililita 250 kwa chupa moja ya maji ya lita moja na nusu, upate asilimia 0.5, na iachwe dakika 10 kabla ya kufuta.

Futeni bomba la juu, vishikio vya migongo ya siti, mpini wa mlango, ukingo wa vioo na kengele. Sakafu iwe ya mwisho. Kisha chuma kifutwe kwa maji matupu, la sivyo kutu itakula mabomba yako ndani ya miezi michache. Viti vya kitambaa visiguswe na klorini, vitapauka na kuchanika: sabuni, brashi, milango wazi, jua la saa sita.

Vijana wa kuosha magari wanakosea sana mambo matatu. Wanachanganya Jik na dawa ya choo "ili iwe kali", na hapo inatoka gesi ya sumu inayoweza kumuangusha mtu ndani ya gari lililofungwa. Wanatumia dawa ya jana, wakati klorini iliyochanganywa hupungua nguvu, hasa ikikaa juani. Itengenezwe kila asubuhi na ndoo ifunikwe. Na wanafanya kazi vioo vikiwa juu. Glavu za mpira, na kila kitu kiwe wazi.

Ukiweka ndoo ya kunawia stendi, ya lita 20 yenye koki itatosha watu kama 40. Sabuni ya kipande ikiachwa chini inayeyuka kabla ya saa nne. Itie kwenye soksi, uining'inize kwenye koki.

Nafanya biashara Horohoro na Lunga Lunga. Kile kipimo cha joto cha paji la uso kilinizuia mara moja, na sikuwa mgonjwa. Kina maana gani?
*Mfanyabiashara, Duga*

Kina maana ndogo kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka juani au ukishuka kwenye gari lenye joto, ngozi ya paji inasoma juu. Omba ukae kivulini dakika 10 hadi 15, ufute jasho, vua kofia, upimwe tena. Kinakosea upande wa pili pia: aliyemeza panadoli atapita, na aliyeambukizwa ambaye dalili hazijaanza atapita pia. Kwa hiyo mwenzako wa siti kupita kipimo siyo sababu ya kufunga kioo.

Shikamooni. Nina presha na sukari, kliniki yangu ni Bombo. Magari yakipunguzwa naogopa kubanana. Niache kwenda?
*Bibi, Chumbageni*

Marahaba, bibi yetu, na usiache. Omba daktari akuandikie dawa za miezi miwili au mitatu kwa pamoja, ili safari zipungue. Toka saa nne, wanafunzi na wafanyakazi wakishapita, ukae jirani na kioo kinachofunguka.

Kwenye basi la Dar abiria mmoja alianza kuharisha na kutapika baada ya Segera. Wengine walitaka ashushwe porini. Ilikuwa sawa?
*Msomaji, Muheza*

Haikuwa sawa. Huenda kilikuwa kipindupindu, na mgonjwa wake anaweza kufa kwa kukaukiwa maji ndani ya saa chache, na akishushwa porini choo chake kitaishia kwenye maji ya wanakijiji. Hewa yake haiambukizi. Kinachoambukiza ni anachotoa, kikifika mdomoni mwa mtu kwa mikono, chakula au maji.

Msogezeni siti iliyo karibu na mlango, mumpe ndoo yenye mfuniko. Aanze kunywa maji ya chumvichumvi ya dukani, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, kidogo kidogo hata kama anatapika. Pakiti ikikosekana, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita moja, vijiko vilivyosawazishwa juu. Dereva apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, na asimame kwenye kituo cha afya cha kwanza njiani. Ndoo isimwagwe barabarani, ikabidhiwe hapo hapo. Siti na sakafu zisafishwe kwa ile dawa ya asilimia 0.5, na asiyenawa kwa sabuni asile muhogo wa kukaanga unaouzwa dirishani.

Waliokaa jirani naye wajiangalie siku tano. Kwa Marburg au mpox ni hadi siku 21. Ndiyo maana kwenye tiketi andikisha jina na namba yako ya simu ya kweli, na usiitupe tiketi ukishuka: maofisa wa afya wakitafuta waliokuwa kwenye basi lile, orodha ya abiria ndiyo watakayoanza nayo.