Kumpeleka yaya kwenye baa ya wiski Lubumbashi: jibu kwa ndugu wa Likasi

Ndugu wa Likasi, umeuliza kama inafaa kumpeleka yaya wako, yaani ndugu yako mkubwa, yule anayeendesha lori la Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, kwenye baa tulivu ya wiski hapa Lubumbashi. Umesema hamjaongea vizuri tangu msiba wa mama, na wewe mwenyewe hujawahi kuingia mahali pa namna hiyo. Wengi wamekujibu ni kupoteza pesa, bora mkanywe bia ya Simba baridi kwenye baa za Kamalondo. Simba naipenda sana. Ila Kamalondo muziki ukishapanda mnabaki kuonyeshana mikono, na wewe una maneno ya kumwambia mkubwa wako. Mimi nilimpeleka baba yangu mwaka jana, mwezi wa saba. Nakueleza nilichokiona.

Mara ya kwanza ilituharibikia. Nilichagua Ijumaa, mahali penye viti vizuri na taa nzuri, umeme ukakatika, kumbe jenereta lao liko nyuma ya ukuta tuliouegemea. Baba alikaa na kiganja sikioni, tukamaliza glasi zetu, tukarudi nyumbani kimya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wana chupa gani, uliza jenereta linakaa wapi. Pita mchana ukaangalie. Na nenda Jumanne au Jumatano.

Mahali pa pili palikuwa mtaa wa Golf, chumba kidogo tu. Nje baridi ya kiangazi ilikuwa kali, unajua mji wetu uko juu, kama mita 1,200, na Julai usiku koti halivuliwi. Tulikaa kaunta, si mezani, na hapo ndipo nakusisitizia. Mezani unaachiwa orodha ya kurasa nyingi na majina usiyoyajua, unaanza kuona aibu. Kaunta unaongea na mtu. Nilimwambia kijana aliyekuwa pale: "Papa huyu amezoea bia, na sisi wawili tuna dola arobaini." Nilitaja pesa kwa sauti ya kawaida. Hakukunja uso. Alishusha chupa tatu tu zilizoingia kwenye hesabu yetu, akamuuliza baba alifanya kazi gani.

Baba akasema: tanuru, kiwanda cha shaba, miaka 31.

Kijana akasema, "Basi papa, wiski unaijua tayari." Akaeleza kwamba kule Uskoti shayiri huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kuchachushwa mpaka iwe kama bia isiyo na hopi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yenye kilevi cha karibu asilimia 8. Halafu huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara nyingi mara mbili, kwenye vyungu vikubwa vya shaba. Na shaba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Mvuke unapoigusa, shaba inakamata salfa, ile inayoleta harufu ya kabichi iliyochacha, na kinywaji kinatoka kisafi. Kazi hiyo inaila shaba yenyewe: kuta za chungu zinakonda mwaka hadi mwaka, mwisho vipande vinabadilishwa.

Baba amevuta salfa maisha yake yote chini ya lile bomba refu la moshi. Aliweka glasi chini polepole. "Ukuta unakuwa na unene gani?" Kijana akajibu kwamba hajui, na nilimheshimu kwa jibu hilo. Basi baba akaanza yeye kufundisha. Alizungumza kwa muda mrefu kuhusu tanuru, kuhusu moto unavyogeuka kijani, kuhusu rafiki yake aliyeungua mkono. Mimi ni mtoto wake wa kwanza na sikuwa nimeyasikia.

Kuhusu kuagiza, msiogope. Umri ulioandikwa kwenye chupa ni wa wiski changa kuliko zote zilizochanganywa ndani, na ya Uskoti lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka 3 au zaidi. Hapo ndipo inapoachana na lutuku, pombe kali yetu ya kienyeji. Shangazi yangu kule mtaa wa Katuba alipika lutuku kwa pipa na bomba, naye alikuwa anakusanya mvuke vilevile, ila yake ilinywewa wiki hiyohiyo. Kama yaya hapendi moshi, epukeni zile za kisiwa cha Islay, Laphroaig na wenzake, maana shayiri yake hukaushwa kwa moshi wa mboji, udongo wa mimea iliyooza unaochomwa kama kuni, na mtu wa mara ya kwanza anaweza kusema ni dawa ya hospitali. Bourbon ya Marekani ni laini zaidi: angalau asilimia 51 ni mahindi, na pipa lake ni jipya, limechomwa ndani. Sisi tuliokulia kwenye bukari, ugali wetu wa mahindi, tunaipokea haraka.

Kokteli mimi nilichukua moja tu, Old Fashioned. Sukari kidogo, matone ya Angostura (kinywaji kichungu cha viungo), bourbon, na bonge moja la barafu, kwa sababu bonge kubwa huyeyuka taratibu kuliko vipande vidogo na halikuharibii kinywaji kwa maji. Mwishoni kijana alikata ganda la chungwa, akalikunja juu ya glasi, nikaona chembe za mafuta zikiruka kwenye mwanga wa taa na kutua juu ya barafu. Harufu ilimfikia baba upande wa pili.

Angalia dola zako kabla ya kutoka nyumbani. Noti yangu ya ishirini ilikuwa imechanika kidogo pembeni, wakaikataa, baba akalipia sehemu hiyo kwa franga zetu. Agizeni maji ya chupa mapema, matone machache ndani ya wiski hufungua harufu. Yaya aliache gari, mpange teksi ya kurudi.

Fikeni jua likizama, kaunta ikiwa bado na watu wawili watatu. Kaeni mwisho kabisa, karibu na ukuta. Mwache yaya achague kwanza, kisha umuulize barabara ya Kasumbalesa ikoje siku hizi, na umsikilize mpaka afike mpakani.